Pingili za Mgongo wa Mwanangu

Kidole cha mama mkwe kilishuka taratibu mgongoni mwa mwanangu, pingili baada ya pingili, kikasimama chini kidogo ya mabega. Papo hapo akavuta taulo, akamfunika. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji. Mtoto alikuwa na siku chache tu duniani, na si daktari wala mkunga aliyekuwa ameona kasoro yoyote.

Miezi kadhaa baadaye, picha ya eksirei ilionyesha pingili zimegandana palepale, mbavu za upande mmoja zimebanana. Nikajiuliza: alijuaje?

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kililala chumba cha pili. Alipofunga mlango kumwogesha mtoto, nilitega sikio nje. Niliyanusa mafuta yake ya kukandia. Chai aliyonipikia niliimwaga kwenye sinki. Naye hakuwa amelala. Aliniuliza, kwa sauti tamu, kama niliwahi kuanguka nikiwa mjamzito, kama nilimeza vidonge, kama kwetu kuna vibyongo.

"Nauliza tu, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

Mume wangu alikaa katikati yetu akitazama televisheni iliyozimwa. Lakini maneno yalimwingia. Siku moja akasema tusizae tena mpaka ijulikane kasoro imetoka kwa nani, na ikiwa imetoka kwangu, tutazungumza. Nilimwelewa. Nikaanza kuangalia kabatini ni nguo zipi zangu za kufungasha na zipi zake.

Sasa mwanangu ni kijana, mfupi wa kiwiliwili na mrefu wa maneno, na hukasirika nikimsimulia habari za bibi yake. Simlaumu. Yeye alipendwa tu. Mimi ndiye niliyechunguzwa.

Wakati huo, akiwa bado mdogo, tulipimwa damu sote watatu, na siku ya majibu mama mkwe aling'ang'ania kuja. Nilijua anafuata hukumu yangu. Daktari wa vinasaba, dada mmoja mpole, alichora mstari kwenye karatasi, akaukatakata.

"Mtoto akiwa tumboni, mdogo kuliko punje ya mchele, mgongo wake hugawanywa vipande viwili viwili, kulia na kushoto, kuanzia juu kwenda chini. Kuna jeni zinazowaka na kuzimika kwa zamu, na kila zamu huleta kipande kipya. Kwa mtoto wenu, jeni moja imeshindwa kushika zamu."

"Ya nani?" mume wangu akauliza.

"Kila mtu anazo nakala mbili za jeni hiyo. Moja ikiharibika, ya pili hubeba kazi, na mwenyewe hajui lolote. Mtoto amepata mbovu zote mbili. Moja ya mama, moja ya baba."

Nusura nipige kigelegele. Niligeuka ili nimwone mama mkwe akiumbuka, maana nilikuwa nimeisubiri raha hiyo kwa muda mrefu. Hakuwa akinitazama.

"Daktari, hata zamani ilikuwa hivyo?"

"Siku zote, mama."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Kabla yako nilizaa msichana. Mgongo wake ulikuwa hivihivi, ila wake ulizidi. Alifariki hata hajatambaa. Baba yako akasema tumbo langu ndilo bovu, ndugu zake wakaitikia, nikaambiwa nisimtaje tena."

Mume wangu hakuwahi kujua kwamba alikuwa na dada.

Sikumhurumia mara moja. Nikisema nilimhurumia nitakuwa nadanganya. Nilikumbuka vidonge na vibyongo. Uchungu huo aliujua ladha yake, na bado akanipakulia sahani nzima.

"Rudia pale pa baba," akamwambia daktari.

Daktari akarudia. Nje foleni ilikuwa imejaa, lakini mama mkwe akamwomba aseme tena, polepole, na safari hii akamshika mwanawe mkono ili naye asikilize.