Uso Katika Tangi la Tatu

Siku Kiyotaka Tsuzuki alipofariki, samaki wake walikuwa wanataga. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Aprili, saa moja asubuhi, na mkewe Fusae alikuwa jikoni akikata figili. Alikuwa anasubiri kuitwa. Kwa miaka thelathini na nane mumewe alimwita "Oi" kutoka uani, na kwa urefu wa hiyo "Oi" Fusae alijua kama inatakiwa chai, taulo au ndoo. Asubuhi ile haikuja. Alipotoka alimkuta amepiga magoti kando ya tangi la tatu, mikono imo majini hadi viwikoni, ameshapoa. Samaki walikuwa wanapita katikati ya vidole vyake.

Pale Koriyama, mji wa Japani, kila mtaa una mfugaji wa samaki wa dhahabu. Tsuzuki alifuga ranchu tu, samaki mfupi mnene asiye na pezi la mgongoni, mwenye kichwa chenye manundu kama tunda la forosadi. Alikuwa na matangi matano ya saruji ambayo kina chake hakikufika goti.

Bwana Ogura, mwenyekiti wa chama cha wafugaji, alikuja msibani na suti nyeusi. Alichoma ubani, akainama mbele ya picha ya marehemu, kisha akamsogelea Fusae.

"Pole sana, shemeji. Mayai yako wapi?"

"Tangi la tatu."

"Umeyawekea kivuli?"

"Nimeweka mkeka."

"Afadhali," alisema Bwana Ogura, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mayai yalianguliwa siku ya tano. Siku ya nane Fusae aliinama kuokota unyoya wa shomoro ulioangukia majini. Mahali ambapo angeuona uso wake, aliuona wa mumewe, na ile kofia ya kitambaa na miwani iliyofungwa uzi. Alichungulia kwenye ndoo akajiona mwenyewe. Akarudi tangini, mumewe alikuwa palepale.

"Kumbe upo," alisema.

Uso haukumgeukia. Ulikuwa unamtazama Tamae.

Tamae alikuwa jike wa miaka mitano, mweupe, mwenye wekundu kichwani na mkiani. Samaki wengine hawakuwa na majina. Uso ulimfuata kila alipokwenda, macho yamelegea, midomo imeachia kidogo, kama mtu aliyetoka safari ndefu akasikia harufu ya wali wa nyumbani. Fusae hakuwa anajua kwamba mumewe ana uso wa namna ile. Miaka yote, kutoka dirisha la jikoni, alikuwa anaona mgongo.

Alimpigia simu binti yake Chinatsu, aliyeolewa Nagoya.

"Mwaga hayo maji, Mama."

"Nikiyamwaga ataondoka."

"Si ameshaondoka?"

"Bado. Anaangalia samaki."

Chinatsu akauliza kama baba yake amekonda.

"Amenawiri," alisema Fusae. "Mezani kwangu hakuwahi kunawiri hivyo."

Tangu siku hiyo alikwenda uani mara tano, mara sita, akijifanya anafagia. Alibadilisha kofia, alipaka poda, alisimama upande wa jua na upande wa kivuli. Uso ulimtazama Tamae. Hakuomba makubwa. Alitaka atazamwe hivyo mara moja, hata kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Vifaranga vilipotimiza wiki mbili, wanachama wanne walikuja na Bwana Ogura kuvichagua. Katika vifaranga elfu tano hubaki mia, na vingine hutolewa. Walichota maji ya tangi kwenye beseni jeupe, na uso ukaja nayo, mdogo, wa kutosha kwenye kisahani. Wakaweka vifaranga kimoja kimoja. Kikiwa kizuri, macho yalilegea. Kikiwa kibovu, kidevu kiliinuka kidogo kuelekea kushoto, kwenye ndoo. Kazi ya siku tatu ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

"Marehemu ana jicho," alisema Bwana Ogura. "Shemeji, una bahati, umeishi na jicho kama hilo."

"Halikuangalia upande wangu."

Wanaume walicheka. "Ranchu huangaliwa kutoka juu," alisema mmoja wao. "Wewe ulimzidi kimo kwa vidole vinne. Maskini ya Mungu, angeona nini zaidi ya kidevu?"

Ulikuwa utani, lakini Fusae aliondoka nao. Alipokuwa anaosha vikombe aliona kwamba una maana. Yawezekana lawama haikuwa ya moyo. Yawezekana ilikuwa ya mahali pa kusimama tu. Hakuna aliyewahi kumpa mumewe nafasi ya kumwona vizuri.

Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, alioga, akachana nywele, akavaa gauni la buluu na kuingia katika tangi la tatu. Alijilaza chali taratibu, maji yakamfunika. Samaki walimpisha.

Uso ulikuwa juu yake, na mbingu nyuma yake. Ulimwangalia. Ulianza na kichwa, ukaja mabegani, ukashuka kiunoni, ukaishia miguuni, kwa utaratibu uleule wanaoufuata wote wanaoijua kazi hiyo. Fusae alijinyoosha vizuri. Haukuharakisha wala haukukawia. Kisha kidevu kiliinuka kidogo kuelekea kushoto.

Tamae alikuja akapita juu ya bega lake, na macho yakalegea.

Fusae aliketi. Alimkamata Tamae kwa mkono mmoja, akamtoa nje ya maji. Samaki alijaa kiganjani kama biringanya, akafungua mdomo, akafumba. Uso ukatoa macho, ukautazama ule mkono, kila kidole, kucha, ile alama ya kuungua na mafuta ya mwaka waliooana. Haukuondoka hapo. Fusae alijua unatazama nini, lakini aliuacha utazame. Aliendelea kushika hadi mkia ulipoacha kupiga. Kisha akamrudisha.

Tamae alilala ubavu kwa muda, halafu akaogelea. Uso ulimfuata, na mkono ukabaki peke yake, unachuruzika maji.

Jioni Bwana Ogura alipita kuleta chakula cha samaki. Hakuuliza kwa nini nywele zimelowa. Aliuliza kama maji yamepungua.

"Kidogo," alisema Fusae.

Mwezi wa Novemba watoto wawili wa Tamae walishika nafasi za juu kwenye maonyesho ya chama. Hati zilikuja kwa jina la Kiyotaka Tsuzuki, na Fusae alizitundika.

Sasa wanachama huja kila Jumapili na mabeseni yao. Fusae huwapa chai ya kijani na vipande vya figili iliyokaa kwenye chumvi, na husimama mlangoni na sinia mpaka wamalize. Wakiondoka, hupanga mstari kando ya tangi la tatu, huinama wote kwa pamoja, na kumshukuru Bwana Tsuzuki kwa chai.