Kilio cha Watu Wawili

Gentille alishuka uwanja wa ndege wa Kindu, Kongo, na viza ya utalii ndani ya pasipoti ya Ubelgiji, yeye aliyezaliwa hapa hapa, komini ya Mikelenge. Miaka ishirini na mitatu hajakanyaga. Hakumwambia dada yake Salama kwamba anakuja. Kule Bulaya watu hufurahishana kwa kutokea ghafla, zawadi mikononi, naye alikuwa ameshazoea mambo hayo.

Basi saa nne akaingia dukani kwa Kakule, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, akachagua vitenge vitatu.

"Sura hii naijua," Kakule akasema. "Weye si mudogo wa Salama, ule anauzaka mawese Mikelenge?"

Gentille akacheka. "Hapana, papa. Miye mugeni. Simujui."

"Ah! Mugeni gani anaongea kama amezaliwa mutaa wa nyuma?"

Alitaka siri isivuje, basi. Akanunua mchele, sabuni, chumvi, viatu. Saa sita akakaa kwa wamama wapishi wa sokoni, akala samaki wa mto Lualaba na lituma, ndizi iliyopondwa ikalainika kwa mawese. Akaomba aongezewe. Alikula polepole, maana kusema kweli aliogopa kufika.

Yeye aliondoka 2001 kwa ndege ya mapadri, kiti kilibaki kimoja tu. Mwaka uliofuata wenye bunduki wakafunga njia za mashamba, huku na huku, na mama yao akafa kwa njaa. Waliozifunga, wengine wao leo wanapita na magari ya vioo vyeusi, nasi tunalazimishwa kuwapigia makofi. Waliokufa hakuna aliyeandika hata majina yao.

Saa tisa akafika. Uani wamejaa wamama, wamekaa kwenye mikeka. Salama yuko katikati, kichwa wazi, miguu ameinyoosha.

"Yaya Salama!" Gentille akamwita dadaye mkubwa, akainua mifuko, anatabasamu.

Hakuna aliyeinuka.

Kwetu, aliyekosa mazishi haanzi sokoni. Anapiga yowe tangu barabarani, waliobaki wanampokea kwa kilio, wanalia pamoja. Ndipo anapewa maji. Ndipo anakula.

"Jina lako lilisomwa uwanja wa ndege saa mbili, wakaniletea habari," Salama akasema. "Nikatandika mikeka, nikaita hawa. Nikawaambia mudogo wangu anakuja kulia mama. Saa nne wananiambia umesema haunijui. Saa sita wananiambia unakula samaki."

"Lituma ilikuwa tamu?" jirani mmoja, mama Odile, akauliza.

"Yaya, nilitaka kukushtua tu…"

"Umenishtua. Mama nilimuchemushia papai bichi, la mwisho. Akalisukuma. Akasema, umuwekee Gentille, atarudi na njaa. Mama sikumulia, unasikia? Nilikataa kulia nusu. Miaka yote nangoja tulie wawili."

Mifuko ikaanguka. Gentille akapiga magoti, akatoa yowe lililokuwa limemkaa kifuani tangu ujana. Yowe la namna hiyo huitikiwa. Halikuitikiwa. Mama Odile akakung'uta kitenge chake, akasema ana mboga ya sombe motoni. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, hata buriani hawakuaga.

Salama akakunja mikeka yote. Kisha akaleta maji kwenye sinia, katika gilasi ya kioo, ile ya wageni.

"Kunywa, madame. Jua ni kali."