Jino Namba Kumi na Nne

Wanafunzi walimwita Bi Kioo, wala hakuchukia. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha madaktari wa meno wa kesho kufanya kazi huku wakitazama kijioo cha mdomoni, ambamo mbele huwa nyuma na mkono huwa mkaidi. Siku ya kwanza wote huchora nyota kwa kuitazama kiooni tu, na wote huambulia kitu alichochakura kuku.

Mtoto wa dada yake alichora vibaya kuliko wote. Tena ana mashoto! Basi miezi mitatu, kila alasiri, Bi Kioo alikaa naye, akijilazimisha kushika mashine ya kuchongea meno kwa mkono wa kushoto ili amwelekeze sawasawa. Vidole vilimuuma hata kukata kitunguu kukawa shughuli. Angefanyaje? Damu ni nzito kuliko maji.

Siku ya mtihani aliletewa kwenye trei meno ya plastiki waliyotoboa wanafunzi, yana namba za viti tu, bila majina. Kufika la kumi na nne, msahihishaji mwenzake akapiga mluzi.

"Mkono huo! Mpe tisini."

Bi Kioo akaligeuza. Ukuta mmoja wa tundu ulilala kidogo, kama unavyolala kila anapochonga yeye, kwa sababu ya kidole gumba alichowahi kuvunjika. Lilikuwa jino lake mwenyewe la mfano, lililopotea kabatini wiki iliyopita. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha kumi na nne, na aliyekuwa akifuta meza pale alikuwa yule binti wa dada yake.

"Lako liko wapi?"

Binti akalitoa kwenye mfuko wa koti. "Nilibadilisha, mama mdogo. Niliogopa kufeli, watu waseme umenifundisha bure. Sikutaka uaibike."

"Kwa hiyo umeniibia ili unistiri?"

Akalisogeza jino kwenye taa. Kina sawa, kuta zimesimama, jino jirani halina hata mkwaruzo. Wizi angeusamehe. Kilichomkata maini ni kwamba miezi mitatu yote alimwambia, "Umeweza," na mtoto huyu hakumwamini hata siku moja.

"Hili lingepita," akasema.

Binti akaangua kilio. Bi Kioo akarudi mezani, akaandika sifuri na sababu yake. Ikabidi mwenzake amwonyeshe kwa kidole pa kutia saini, maana machozi yalikuwa yamemjaa.