Pete Isiyorudi Nyuma

Saa mbili za mkono zililala juu ya kitambaa cha fundi Salesio, na Sadia alizitazama kama anayechagua mbuzi mnadani: kwanza kwa mbali, halafu kwa karibu, halafu kwa mkono. Zote zilikuwa na uso mweusi. Zote zilikuwa nzito. Zote zilikuwa na ile pete ya chuma yenye tarakimu, inayozunguka uso wa saa.

"Hii ya kushoto ndiyo yenyewe," Salesio alisema. "Ni ya afisa mmoja mstaafu huko Nanyuki, kampuni ni ile ile ya saa ya mumeo iliyopotea. Hiyo ingine ni feki. Lakini feki ya maana, Mama Hamdia, si ile ya kuchubuka rangi."

"Na bei?"

Akamtajia. Ya kushoto ingewameza ngamia wake wawili wa maziwa, na hao ndio waliokuwa wakimlisha yeye na mumewe pale Wabera, mtaa wa Isiolo. Ya kulia angeilipa kwa maziwa ya wiki moja na bado abaki na ya chai.

Mumewe, Wako, alizaliwa Merti. Alijifunza kuogelea kwenye mto Ewaso Nyiro ukiwa umefurika, wakati watoto wenye akili zao walikuwa wakiondoa ng'ombe kando ya maji. Jeshi la wanamaji likamchukua, likamfanya mpiga mbizi. Alipostaafu, wenzake walimchangia saa ya kuzamia, ya kweli, naye akarudi nayo Isiolo, mji ambao maji yake marefu kuliko yote yako ndani ya tangi. Watu walimcheka wakachoka. "Wako, leo unazama wapi? Kwenye birika?" Alicheka nao, na saa haikutoka mkononi ila wakati wa kutia udhu.

Kuhusu saa hiyo alimfundisha Sadia jambo moja tu. Pete yake huzunguka upande mmoja. Mpiga mbizi huizungusha kabla ya kuingia majini, ili ajue amekaa chini kwa muda gani na hewa yake inamtosha mpaka lini. Ikigongwa huko chini, yaweza kumwambia atoke mapema, lakini haiwezi kurudi nyuma ikamdanganya kwamba bado ana muda. "Saa ya kweli haikubembelezi," alizoea kusema.

Basi kila Sadia alipobeba jerikeni kwenda kuuza maziwa, Wako aliizungusha pete. "Umeingia majini," alimwambia. "Ukichelewa, nakuja kukutoa." Na mara kadhaa alikuja kweli, na bakora yake, mpaka katikati ya wanawake wa maziwa, wakacheka hadi wakamwaga maziwa. Sadia alijifanya kuona haya. Ukweli ni kwamba alikuwa akichelewa makusudi.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukahamia kwenye majina ya majirani, ukaingia ndani ya nyumba. Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, Wako alitoka peke yake, wakamkuta mnadani ameketi katikati ya mbuzi wa watu, mkono mtupu. Kama saa iliibwa au aliiangusha, Mungu ndiye ajuaye. Tangu siku hiyo kila akiamka hushika kifundo cha mkono, halafu huanza kupekua: chini ya godoro, ndani ya sufuria, kwenye mkebe wa sukari. Asipoipata hulia. Mwanamume aliyezamia chini ya meli akatoa maiti za watu bila kutetemeka, sasa analia kwa kwikwi.

"Mnunulie feki, mama," binti yao Hamdia alimwambia. "Baba hatajua. Mimi mwenyewe ananiita dada wa kliniki."

Neno hilo, hatajua, ndilo lililomchoma Sadia. Yeye mwenyewe hakuwa Sadia tena mbele ya mumewe. Alikuwa "mama," yule mama mwema anayeleta chai. Lakini alikuwa amejiwekea tumaini moja, la kijinga kama yalivyo matumaini mengi ya wenye kupenda: kwamba Wako bado yuko huko chini, mahali penye giza, na kwamba mkono wake utakijua kilicho chake. Akiweza kuitofautisha saa yake na ya bandia, basi iko siku atamtofautisha mkewe na wanawake wengine wote.

"Nipe hiyo feki nimjaribu nayo," alimwambia Salesio. "Akiikataa, nauza ngamia, nachukua ya kweli."

"Na asipokataa?"

"Atakataa."

Salesio alizungusha pete ya saa ya kweli. Ikalia tik tik tik, na alipojaribu kuirudisha, ikagoma. Akaizungusha ya feki. Ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kimya.

"Watu huja hapa wakitaka feki isiyojulikana," alisema. "Wewe ndio wa kwanza kutaka ijulikane."

"Mwenye macho haambiwi tazama," Sadia alimjibu, akaifunga saa kwenye pindo la shali. Juu ya bodaboda aliomba dua njia nzima, dua ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu: mume wangu aikatae zawadi yangu.

Wako alikuwa kwenye mkeka, barazani.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu."

Akampa saa. Wako aliigeuza, akaipima uzito kiganjani, akaiweka sikioni. Moyoni mwa Sadia ngamia walikuwa wameshauzwa. Ikatae, alisema kimoyomoyo. Ikatae, Wako, nakuomba.

Wako akaivaa. Uso wake ukakunjuka, ukawa ule wa zamani.

"Imerudi," alisema.

Bado lilibaki jaribio la pete. Sadia aliinua jerikeni tupu. "Haya, mimi naenda kuuza maziwa," alisema.

Vidole vya Wako vikaenda vyenyewe kwenye pete. Akaizungusha mbele. Kisha akairudisha nyuma, nayo ikarudi. Akaizungusha tena huku na huku, laini, bila mlio, na hakushtuka. Alitabasamu tu. Hapo Sadia alielewa kwamba ngamia wake watabaki, na moyo ukamvunjika vipande.

"Mama, usiende kwanza," Wako alisema. "Kaa kidogo. Bibi yangu ametoka na maziwa. Anaitwa Sadia. Nataka akuone, wewe umeniletea saa yangu."

"Ametoka zamani?" Sadia aliuliza.

Wako akaitazama saa. Kwa kidole kimoja akaisukuma pete nyuma kidogo.

"Bado ana muda," alisema. "Akichelewa, nitaenda kumtoa."

Sadia akaweka jerikeni chini, akaketi kando yake kwenye mkeka, akajifunika uso kwa shali, na wote wawili wakamngoja Sadia.