Mguu Uliokanyagwa na Mama Pacha

Ukimsikiliza Metrine, mguu wa Emmaculate ulipona siku ileile. Anasimulia kisimani, anasimulia kwa muuza chapati, anasimulia hata kwa wachimba dhahabu wanaopita na sululu begani: msichana aliletwa akilia, kifundo kimevimba kama boga. Yeye Metrine, aliyezaa pacha na kwa hiyo nyayo zake ni dawa ya kila kilichoteguka, akavua kiatu akamkanyaga.

"Nikasikia ndani, ko! Mfupa ukarudi kwao. Akainuka, akatembea. Sasa anachechemea nini? Kazi tu hataki!"

Lakini Metrine hasemi kwamba wanawake wawili walimbana Emmaculate mabega. Wala hasemi kwa nini aliinuka. Pale machimboni Osiri, mtu akishakanyagwa na mama wa pacha lazima ainuke na kushukuru. Asipoinuka, huambiwa ni moyo wake ndio mbaya. Basi Emmaculate aliuma meno, akasema, "Erokamano, Mama Pacha," akatembea mpaka mlangoni huku jasho likimtoka.

Alikuwa ameteleza kwenye lundo la machimbo, gunia la mawe ya dhahabu kichwani, mguu ukapindukia ndani. Walipompiga picha ya eksirei hospitalini Migori, wakaona mfupa haujavunjika. Mama mkwe wake, anayemtuma mawe, akapiga makofi. "Si nilisema? Picha haidanganyi. Kesho mawe, nyathina, mwanangu."

Akabeba mawe. Kila jioni kifundo kilivimba. Mara nyingine kiligoma katikati ya hatua, kama mlango uliobanwa na kokoto. Emmaculate hakubishana. Aliuchunguza tu ule uchungu, akajua hauko pembeni, uko ndani kabisa.

Dada yake Trizah, anayeuza omena Homa Bay, ndiye aliyemchukua akampeleka kwa daktari wa mifupa. Daktari alimnyoosha vidole vya mguu kuelekea chini, akabonyeza mbele ya kifundo. Emmaculate akaruka. Akapelekwa kwenye skani, ile mashine kubwa inayoona ndani zaidi.

"Unakula kuku?" daktari aliuliza. "Ile nyeupe laini kwenye ncha ya mfupa ndiyo gegedu. Lako limepasuka, likang'oka na kipande cha mfupa. Picha ya kawaida inaweza kukosa kukiona. Na damu haifiki kwenye gegedu, halijifungi kama kidonda cha ngozi. Kila ukikanyaga, unakisaga hicho kipande."

"Kwa hiyo sikuwa nadanganya?"

"Nani alisema unadanganya?"

Emmaculate alicheka, halafu akalia kwa hasira.

Alipewa magongo. Mguu usiguse chini mpaka daktari aseme. Kipande kikikataa kushika, wataingia kwa vitundu vidogo wakitoe, watoboe mfupa utoe damu, ili kovu lijaze pale palipobaki wazi. Lakini akirudi kwenye mawe sasa, daktari alisema, kifundo kitalika, na atachechemea maisha yake yote.

Alirudi Osiri akiegemea magongo. Metrine alikuwa ameketi na mama mkwe, mbele yao chai.

"Ai! Magongo tena!" Metrine alisema. "Mguu niliourudisha mimi? Binti, hao wa Homa Bay wamekuuzia miti."

"Ndiyo nashangaa," mama mkwe alisema. "Gunia liko pale linamngoja. Metrine, wewe ndiye uliyemtibu. Ukiniambia ni mzima, atabeba. Ukiniambia ni mgonjwa, atalala. Neno lako ndilo nitakalolishika."

Emmaculate alisimama kwa mguu mmoja. Mguu ni wake, uchungu ni wake, na ruhusa ya kuuguza imo kinywani mwa aliyeukanyaga!

"Mama Pacha," alisema, sauti chini, "siku ile niliinuka kwa kukuheshimu. Nilikuwa naumia. Sikukulaumu mbele ya watu, wala sitakulaumu. Nakuomba hili tu: mwambie mama, hapa hapa, kwamba mguu haujapona."

Metrine aliweka kikombe chini. Mama mkwe alimgeukia, akangoja. Metrine akaanza kufunga leso yake upya kiunoni, polepole, akaifungua, akaifunga tena: akisema haujapona, kesho kisimani atasimulia nini?