Kikombe cha Emanueli

Oduol alinichora ukutani nimeshika birika, lakini macho yangu hayako kwenye birika. Yako kwa kijana wa meza ya dirishani, mwenye sweta nyekundu. Yeyote anayeingia hotelini kwangu hapa Nkende anaona hivyo kabla hata hajavuta kiti. Nimeuchukia ukuta huo miaka kumi na mitatu, na sasa watu wananishukuru kwa ajili yake.

Kwa asiyemjua, Oduol alikuwa mchoraji wa mabango, mtu mrefu, mkimya. Maduka ya Tarime mjini ambayo hakuyagusa ni ya kuhesabu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kubuni. Ukimwomba picha ya mteja ananyolewa, anakaa kibarazani mpaka mteja aje, anamchora huyohuyo, na kovu lake na pengo lake. Waisiko wa bucha alilalamika kwamba amechorwa na kitambi. "Kipunguze," Oduol akamwambia, "nitarudi kurekebisha." Sasa Waisiko amekufa, safu ya maduka ya zamani imebomolewa, na wajane wanakwenda kuwaangalia waume zao kwenye kuta zilizobaki.

Mimi nilitaka picha inayoonyesha hoteli yangu imejaa watu. Basi Jumamosi hiyo ya mvua, mwaka 2011, Oduol alikuwa kwenye kona na daftari lake, anawachora wateja kwa penseli. Emanueli, fundi baiskeli, kwao Kemambo, aliingia mvua ilipoanza. Alikula chapati mbili, akanywa chai, akaagiza nyingine. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemmiminia walipojaa mlangoni watu kama ishirini, Waisiko mbele na fimbo. Wakasema kuna mama kapigwa kikumbo standi sasa hivi, simu yake haipo, na aliyempiga kikumbo ana sweta nyekundu.

Oduol alisimama. "Huyu yuko hapa tangu mvua ianze."

"Hatujakuuliza wewe," Waisiko akasema. Akanigeukia. "Mama Daudi, alikuwa hapa?"

Swali lenyewe rahisi. Ningesema ndiyo, basi, mambo yangeisha, maana mimi ndiye mwenye hoteli na Waisiko alikuwa akinisikiliza. Lakini nilikuwa naangalia miguu yao yenye matope, na fimbo zao, na vikombe vyangu vipya, dazeni mbili, nilivyovileta kutoka Sirari wiki ileile. Emanueli alikuwa ananitazama. Wala hakuwa na hofu, alijua nitasema.

"Mimi naangalia chai yangu, siangalii wateja," nikasema. "Mtoeni nje, msinivunjie vikombe."

Hawakuvunja hata kimoja. Walimuua mtaroni ng'ambo ya barabara, kwa fimbo na mawe, chai yake ingali inatoa mvuke mezani. Nikaichukua, nikairudisha kwenye birika, nikamuuzia mtu mwingine. Simu ilionekana baada ya siku mbili ndani ya kapu la yule mama mwenyewe, chini ya dagaa.

Nilidhani Oduol hatarudi. Alirudi baada ya wiki mbili na makopo yake ya rangi, akafanya kazi siku tano bila kunisemesha. Picha ilipendeza, siwezi kusema uongo. Aliwachora wachuuzi, wapiga debe, barabara ya mbele kabla haijawekwa lami. Nafasi mbili aliziacha wazi mpaka siku ya mwisho. Moja akamweka Emanueli, nyingine akaniweka mimi.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, niliupaka ukuta wote chokaa. Kesho yake Oduol aliingia, akakaa, akautazama ule weupe mpaka akamaliza andazi lake.

"Chokaa haikai juu ya rangi ya mafuta, Mama Daudi," akasema. Hakuingia tena kwangu mpaka alipokufa.

Masika ya mwaka juzi bati lilivuja, na chokaa ikaanza kubanduka, leo vipande viwili, kesho vitano. Ningeipaka tena. Lakini Precious, mwalimu mpangaji wa nyuma, alikuwa ameshapiga picha na kuzituma huko kwenye simu zao. Watu wakaja. Mzee mmoja alimkuta marehemu kaka yake pale anasukuma mkokoteni, akalia kama mtoto. "Umetutunzia mji wetu, Mama Daudi," wakaniambia. Nikasema asanteni.

Halafu akaja Agustina, mama yake Emanueli, kutoka Kemambo, kwa fimbo ya kutembelea. Jirani alimwonyesha kwenye simu. Hakuwa na picha ya mwanawe hata moja, alimzika bila picha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaipapasa ile sweta, kifua chote, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo.

"Alimaliza chai?" akauliza, bila kugeuka.

"Alimaliza, mama. Yote."

Aliweka kidole kwenye kikombe kilichochorwa. Kimejaa mpaka mdomoni, mvuke unapanda. Kidole kikatoka hapo polepole, kikapanda kwenye birika, kikaja mpaka kwenye macho yangu, kikabaki hapo.

"Nipe chai," akasema.

Sasa anakuja kila Jumamosi. Namsalimu, haitikii. Anakaa meza ya dirishani, anaagiza, analipa, haonji. Nilitamani anitukane. Angekipiga kikombe chini, hata kimoja, ningemshukuru. Yeye anangoja tu mpaka chai ishike utando juu, anachukua fimbo yake, anaondoka.

Mimi nakibeba kikombe mpaka jikoni, kimejaa. Nafunua birika, nasimama. Kisha naenda kumwaga nje, mtaroni.