Bata Bukini wa Mzee Gavrilă

Wiki ya Sikukuu ya Mama wa Mungu, benchi la nje ya zahanati ya Valea Frasinului lilikuwa tupu, na Daktari Viorica Pantea alijua sababu bila kuuliza. Wagonjwa wake hawakuwa wamepona. Walikuwa kwenye geti la kijani la akina Stoican, chini kidogo ya barabara, kwa sababu Anca Stoican alikuwa amekuja likizo kutoka Ujerumani.

Wawili hao walisomea udaktari katika jiji la Cluj, darasa moja. Katika mitihani Viorica ndiye aliyetangulia. Hilo lilikuwa kwenye rekodi za chuo na halikuhitaji ubishi. Baadaye Anca alikwenda Bavaria, kulekule Ujerumani, akawa bingwa wa moyo. Viorica alibaki, akawa daktari pekee wa vijiji vitatu. Mwaka mzima watu walimletea vikohozi, majipu na malalamiko dhidi ya wakwe zao. Magonjwa yenye hadhi waliyatunza hadi Agosti. Mama mmoja aliwahi kumwambia, bila nia mbaya hata kidogo, "Hili la kifua namngojea daktari wa kweli, dokta."

Zawadi nazo zilifuata mkondo huohuo. Viorica aliletewa mayai na maharage, akayapokea, kama madaktari wa pale walivyopokea tangu enzi za bibi zao: mgonjwa hatulii mpaka atoe kitu. Kwa Anca walipeleka jibini nzimanzima, asali ya msituni, pombe kali ya plamu iliyolazwa kwenye pipa. Viorica alijua kwa sababu vyote vilipita mbele ya dirisha lake.

Aliyeingia asubuhi hiyo alikuwa Saveta, mke wa mzee Gavrilă Butnaru.

"Dokta, samahani. Mtu akifia nyumbani, cheti unaandika wewe au tunakwenda mjini?"

"Nani amekufa?"

"Hajafa bado. Gavrilă. Ila ameshusha mbao za jeneza kutoka darini, ameita padri, na dawa zako amewamwagia kuku."

"Kuku wanaendeleaje?"

"Wanasinzia." Saveta akaketi. "Jana tulikwenda kwa Anca. Akampima kwa kale kamashine kake ka mfukoni, akasema vali ya moyo imebana, itabadilishwa Cluj kwa kupitia mshipa wa pajani, wala hapasuliwi kifua. Ameshampigia simu mwenzake, kitanda kipo Jumatatu. Tukafurahi. Gavrilă akamtolea bukini, yule mnene kuliko wote. Anca akamkataa! Akamrudisha mikononi mwa mzee, anatabasamu. Njia nzima yule bukini anapiga kelele, Gavrilă kimya. Tulipofika akasema, 'Saveta, mimi nimekwisha.'"

Viorica alielewa papo hapo. Kwao, daktari anayekataa zawadi ameshaona hakuna la kufanya, na hataki kula cha marehemu. Hata mtoto alijua. Anca naye alijua, kabla ya Bavaria kumsahaulisha.

Hisia ya kwanza iliyomjia Viorica ilikuwa furaha. Aliitambua vizuri, kama anavyotambua upele, na hakuifukuza mara moja. Kisha akachukua mkoba wake wakatoka.

Walimkuta Gavrilă uani, anapiga randa ubao wa jeneza, anapumzika kila baada ya pigo. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Mzee Gavrilă, weka randa chini. Utaanguka."

"Nikianguka, naangukia ndani. Ndiyo raha ya kujitengenezea."

"Jumatatu unakwenda Cluj. Alichosema Anca ni kweli. Vali ikibadilishwa utapata pumzi."

"Basi mbona hakumchukua bukini?"

"Kule Ujerumani hawachukui."

"Hapa ni Ujerumani?"

Viorica akamtazama bukini, aliyefungwa mguu kwenye mti wa plamu. "Nipe mimi, basi. Namchukua sasa hivi, mbele ya mkeo. Ujue una uhai."

Mzee alicheka mpaka akashika mti. "Wewe? Wewe dokta unachukua kwa kila mtu! Mwaka juzi ulichukua maharage ya marehemu Toader, na wiki hiyohiyo tukamzika. Kuchukua kwako hakuniambii kitu."

Saveta akatazama pembeni. Hoja ile haikuwa na kosa.

Ilibaki njia moja, na ilipita kwenye geti la kijani. Watu waliokuwa foleni walipomwona daktari wao wenyewe anakuja, mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kumbe hata yeye anaumwa!" Viorica alipita bila kugeuka.

Anca alikuwa chini ya kivuli cha mzabibu, amevaa gauni la kitani, na ile mashine mezani, ndogo kama simu. Viorica aliitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu cha mtu. Akaeleza habari ya Gavrilă kwa ufupi, kama anavyoeleza ugonjwa.

"Upuuzi," Anca alisema. "Sichukui, Viorica. Niliondoka nchi hii kwa sababu ya hayo. Bahasha mfukoni, kuku mlangoni. Niliapa."

"Uliondoka kwa sababu ya mshahara."

"Na mshahara. Na mkuu wa hospitali aliyenunua fanicha wakati sisi hatuna glavu. Nawe ungeondoka."

"Hapana. Na kama ningetunga sheria mimi, anayesomeshwa na nchi angeitumikia kwanza, ndipo aende anakotaka."

"Daktari uliyemfungia mlango hatibu mtu, dada. Anahesabu siku."

"Wasiofungiwa wamekwenda, na sasa hospitali ya mkoa haina bingwa hata mmoja wa moyo. Huyo asiyekuwepo ndiye anayetibu vizuri zaidi?"

Anca akaisogeza mashine pembeni. "Lakini ule mvumo kwenye moyo wa mzee ni mkubwa, Viorica. Vipi hukuusikia?"

"Niliusikia majira ya baridi ya mwaka juzi. Nikamwandikia rufaa. Akaambiwa angoje, akangoja, akachoka. Ningempeleka kwa nani? Wewe ulikuwa kule."

Kuku walikuwa wanaparura chini ya meza. Anca akawafukuza kwa mguu.

"Anakuamini wewe," Viorica alisema, na kila neno lilimkwaruza likitoka. "Mimi nimemtibu miaka yote na haniamini, wewe umemshika dakika chache. Sipendi, lakini ndivyo ilivyo. Njoo umchukue bukini."

Waliondoka pamoja. Anca alisimama uani kwa Gavrilă akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Mzee, jana nilikosea. Nampenda sana bukini."

Gavrilă alimchunguza. "Na jibini je?"

Anca akamtazama Viorica. Viorica akaitikia kwa kichwa.

"Na jibini," Anca alisema. Bukini alimdonoa kwenye kiwiko, naye akamkumbatia vibaya, manyoya yakamwingia mdomoni. Mzee akaangalia yote hadi mwisho, kisha akaenda mwenyewe ndani kutafuta soksi safi za kwendea hospitali.

Jumatatu alfajiri gari la mpwa wake lilikuwa tayari. Viorica alileta barua ya rufaa. Alikuwa ameiandika vizuri: historia yote, tarehe ya kusikia mvumo, dawa zote pamoja na zile walizokula kuku. Hakutegemea shukrani, lakini alikawia mlangoni mwa gari.

"Umeona yule Anca?" Gavrilă alimwambia. "Yule ndiye daktari."

"Nimeona, mzee."

"Sasa sikiliza. Huyu Saveta miguu imemvimba tangu Pasaka, na hasemi. Mtazame wewe. Mwenzako anaondoka Jumapili."

Gari likashuka barabara. Saveta alikuwa ameshaanza kurudi ndani, haraka kidogo.

"Saveta," Viorica aliita. "Kaa hapo kwenye ngazi. Vua soksi."